Ndugu yako akili zikianza kuyumba, mambo ya kisheria ya kufanya mapema (na ya kufanya kama umeshachelewa)

Familia nyingi zinaanza kuulizia sheria siku benki imegoma. Mzee kapata kiharusi, hela ipo kwenye akaunti yake, hospitali inadai, na yule wa dirishani anasema bila mwenye akaunti mwenyewe au karatasi ya mahakama hamna kitu, na kusema ukweli hajakosea, maana ile hela si ya mke wala si ya mtoto wa kwanza, ni ya mzee. Hapo ndo watu wanashangaa kwamba kuwa mke, mume au mtoto hakukupi ruhusa ya kusaini kwa niaba ya mtu mzima. Nchi nyingi ziko hivyo. Sasa kama ndugu yako bado anajielewa, hata kama ni nusunusu, soma yote. Kama maji yameshamwagika nenda kule kwenye mahakama, ila kipande hiki cha kupima uwezo usikiruke maana kila kitu kingine kinasimama hapa.

Uwezo unapimwa kwa uamuzi mmoja mmoja

Watu wanapenda kusema "mama hana akili tena" wanamaliza. Kisheria haiendi hivyo. Swali siku zote ni: je, mtu huyu, leo, anaweza kufanya uamuzi huu? Mama anaweza asielewe mkataba wa kuuza nyumba lakini akajua vizuri kabisa anataka kuishi na nani, ale nini na nani asimguse wakati wa kuoga. Kote huko anasikilizwa. Na jina la ugonjwa halitoshi, demensia (kumbukumbu na akili kufifia), skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini visivyopo), ulemavu wa akili wa kuzaliwa, hamna hata moja hapo ambalo peke yake linamvua mtu haki ya kuamua.

Sheria iliyoandika jambo hili vizuri ni ile ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 ya Uingereza na Wales, na hata kama huishi kule inafaa uijue kwa sababu vipimo vyake ni rahisi kukumbuka. Inaanza kwa kusema kila mtu mzima ahesabiwe ana uwezo mpaka ithibitike vinginevyo, alafu inasema huruhusiwi kusema mtu hana uwezo kwa kuangalia umri wake au sura yake, alafu (hii ndo familia nyingi inawauma) inasema mtu hahesabiwi hana uwezo eti kwa sababu kaamua kijinga. Mzee akitaka kumpa hela yule kijana wake mlevi badala ya yule aliyemuuguza, we unaweza ukakasirika mpaka basi, lakini kama anajua anachofanya ni haki yake.

Kipimo chenyewe kina mambo manne. Anaelewa taarifa zinazohusu uamuzi huo? Anaweza kuzishika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua, hata kama kesho atasahau? Anaweza kuzipima, yaani kuona faida na hasara? Na anaweza kukueleza alichoamua, kwa mdomo, kwa ishara, kwa kukonyeza jicho, kwa njia yoyote ile? Akishindwa moja kati ya hayo, na sababu ni hitilafu kwenye ubongo au akili, hapo ndo unasema kwa uamuzi huu hana uwezo. Hapo kwenye kusahau kesho pazingatie, watu wanadhani mtu akisahau alichosaini jana basi saini yake ni batili, si lazima.

Sasa namna ya kuuliza. Usimuulize "baba umeelewa?" Atasema ndio. Kila mtu anasema ndio, hata sisi wazima tunasema ndio kwa daktari huku hatujaelewa kitu. Muulize aeleze mwenyewe: "Baba, ukishasaini hii karatasi, nyumba itakuwa ya nani? Wewe utaishi wapi? Hela wataiweka wapi? Ukikataa kusaini itakuwaje?" Kisha nyamaza, usimalizie sentensi zake, mpe muda. Majibu yaandike vilevile alivyoyasema, kwenye daftari, na tarehe na saa na nani alikuwepo. Kitu kama hivi: "Jumanne saa tatu asubuhi, sebuleni, mimi na dada. Nimeuliza nyumba itakuwa ya nani. Kasema: ya yule mnunuzi, mi nitahamia kwa dada yenu, lakini nataka hela ikae benki msigawane." Mstari kama huo una nguvu kuliko barua ya kurasa tatu iliyoandikwa mwaka mmoja baadaye wakati ndugu wameshaanza kushtakiana.

Na chagua muda. Wenye demensia wengi wanachanganyikiwa zaidi jioni kuliko asubuhi, kwa hiyo mambo ya karatasi fanya asubuhi, kashalala vizuri, kashakula, tivii imezimwa, miwani yake ipo, kifaa chake cha kusikia kina betri, na mnaongea lugha anayoizoea na sio lugha ya wakili. Kingine ambacho watu hawakijui: mzee aliyekuwa sawa wiki iliyopita leo ghafla haeleweki, usikimbilie wakili, kimbilia hospitali. Maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, dawa zinazogongana, sukari kushuka, hata upungufu wa vitamini B12 au tezi ya shingoni kutofanya kazi vizuri, vyote hivyo vinaweza kumchanganya mtu na vingi vinatibika. Ikitibiwa akili inarudi, na ungekuwa umeshaenda mahakamani ungekuwa umemvua mtu mamlaka yake kwa sababu ya maambukizi tu.

Kabla ya kuamua kwa niaba yake, msaidie aamue

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na nchi zinatakiwa ziwape sapoti wanayohitaji ili wautumie. Inataja mpaka kumiliki na kurithi mali, kusimamia hela zao wenyewe na kupata mikopo ya benki. Kutokana na hilo nchi kadhaa zimebadilisha sheria zao kabisa. Peru mwaka 2018 ilifuta sehemu kubwa ya ule mfumo wa zamani wa kumweka mtu mzima chini ya mwangalizi, Kolombia ikafuata 2019, na Ayalandi ilikuwa bado inatumia sheria ya mwaka 1871 mpaka sheria yao mpya ilipoanza kufanya kazi Aprili 2023, fikiria.

Kwa vitendo sapoti sio kitu kikubwa. Ni kumsomea mkataba kwa maneno mepesi, kumchorea, kumpa chaguo mbili badala ya kumi, kumpeleka akaione ile nyumba ya kuhamia badala ya kumsimulia, kumpigia yule rafiki yake anayemuamini aje akae naye. Watu wenye ulemavu wa akili hasa wananyimwa hii. Mtu ana miaka thelathini, anafanya kazi, anajua bei ya kila kitu, lakini kila ofisi wakimwona wanaongea na mama yake. Ukiwa we ndo huyo mama, sogea pembeni useme "muulize mwenyewe." Na kama nchi yako ina utaratibu wa makubaliano ya sapoti yanayoandikwa na kusajiliwa, tumia huo kwanza, mahakama iwe ya mwisho.

Karatasi za kuandaa wakati bado anajielewa

Ya kwanza kabisa ni hati ya uwakilishi, ile wengi wanaiita pawa ya atoni, karatasi ambayo mtu anampa mwingine ruhusa ya kusaini na kuamua kwa niaba yake. Hapa kuna mtego ambao umewaumiza watu wengi sana. Kwenye nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria uliotoka Uingereza (common law) hati ya kawaida ya uwakilishi inakufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo wa akili. Yaani unaandikiwa hati, unaiweka kabatini kwa ajili ya siku mbaya, siku mbaya inafika na hati haina kazi tena. Unachotakiwa kumuuliza wakili, kwa maneno haya haya, ni: "hii hati itaendelea kufanya kazi akipoteza akili?" Nchi nyingine zina aina maalumu ya kudumu. Uingereza na Wales wanayo tangu Oktoba 2007, moja ya mali na hela, nyingine ya afya na makazi, na haitumiki mpaka isajiliwe, na ile ya afya inaanza kazi pale tu mwenyewe anaposhindwa kuamua. Ujerumani nao wana ya kwao. Kama nchi yako haina ya kudumu wakili akwambie ukweli, usitapeliwe hati ya kawaida.

Kwenye kuchagua mwakilishi wasichague yule mwenye sauti kubwa. Achaguliwe anayejua kutunza risiti. Wakiwa wawili, hati iseme wazi kama lazima wasaini wote au kila mmoja anaweza peke yake, kwa sababu wakifungwa pamoja na mmoja akafa hati inaweza kuanguka yote. Waweke na wa akiba.

Ya pili wosia. Kuna kesi moja ya Uingereza ya mwaka 1870, Banks dhidi ya Goodfellow, ambayo mpaka leo mahakama nyingi zinaitaja. Bwana John Banks alikuwa na maruweruwe, anaamini mashetani wanamfuata na kuna mtu fulani, ambaye alishakufa zamani, anamtesa. Akaandika wosia kumwachia mali mpwa wake aliyekuwa anaishi naye. Wosia ukapingwa, na mahakama ikasema ni halali, maana yale maruweruwe hayakugusa kabisa uamuzi wake wa nani arithi. Kinachoangaliwa ni kama anajua kwamba anaandika wosia na matokeo yake, anajua kwa ujumla ana mali gani, anajua nani anastahili kufikiriwa, na ugonjwa haujamsokotea moyo dhidi ya watu wake. Kwa hiyo ndugu akikwambia "huyu ni mgonjwa wa akili wosia wake haufai" mwambie aende taratibu. Ila ukiwa unaandaa wosia wa mtu mzee au mgonjwa, mwite daktari amwone siku hiyo hiyo na aandike alichokiona, na nyie warithi tokeni nje ya chumba, kabisa, msikae hata mlangoni.

Ya tatu ni maelekezo ya matibabu, anataka nini na hataki nini akishindwa kuongea. Kama sheria yako haiyatambui rasmi bado yaandike, daktari akiona mwandiko wa mgonjwa mwenyewe ana kitu cha kushika.

Kuhusu kadi ya ATM na pini. Najua kila mtu anafanya, mzee anakupa pini unatoa hela unamnunulia dawa. Benki karibu zote masharti yao yanakataza, na mbaya zaidi ni kwamba siku ndugu wakigombana wewe ndo mwizi, taarifa ya akaunti inaonyesha hela zinatoka kila wiki na huna karatasi. Nenda naye benki akiwa bado anaweza, muulizie utaratibu wao wa kumuongeza mtu mwingine kwenye akaunti. Akaunti ya pamoja nayo si dawa ya kila kitu, benki nyingine zinaisimamisha zikijua mmoja wenu kapoteza uwezo.

Umeshachelewa: mahakama

Hapa unaomba uteuliwe msimamizi, majina yanatofautiana, mlezi, meneja wa mali, mwangalizi, kazi ni ileile. Karibu kila mahali watataka ombi lenyewe, hati ya kiapo, ushahidi wa daktari, orodha ya mali na madeni, na ushahidi kwamba ndugu wengine wamejulishwa. Usifiche ndugu. Yule unayemficha ndo atakuja kupinga, na akija na hoja kwamba hakujulishwa kesi inarudi mwanzo.

Barua ya daktari ndo inaangusha watu. "Mgonjwa tajwa ana tatizo la akili" haimsaidii jaji kitu. Muombe daktari aandike alimpima lini na kwa muda gani, alimuuliza nini, ugonjwa ni upi, anashindwa nini hasa (kwa mfano anaweza kuhesabu noti za matumizi ya siku lakini hawezi kuelewa mkopo), hali inatarajiwa kubaki hivyo au kubadilika, na mgonjwa mwenyewe anasema anataka nini. Mpelekee daktari maswali hayo yakiwa yameandikwa, wengi wao hawajafundishwa hii kazi na watashukuru.

Alafu omba kidogo. Hii ni maoni yangu lakini naiamini: usiombe mamlaka juu ya kila kitu cha mtu kama shida ni akaunti moja na kodi ya nyumba moja. Ule mkataba wa Umoja wa Mataifa unataka hatua za namna hii ziendane na hali ya mtu, ziwe za muda mfupi iwezekanavyo na zikaguliwe mara kwa mara, na kuna sababu. Britney Spears, yule mwanamuziki wa Marekani, aliwekwa chini ya usimamizi na mahakama ya Los Angeles mwaka 2008, baba yake akiwa msimamizi, na ndani ya muda huo, huku hawezi kusaini mikataba yake mwenyewe, kuna miaka alikuwa anapanda jukwaani Las Vegas anaingiza mamilioni. Ilifutwa Novemba 2021, miaka 13 baadaye. Kama mtu maarufu namna ile ilimchukua miaka yote hiyo kutoka, fikiria binti wa kawaida mwenye skizofrenia ambaye hana hata simu yake mwenyewe. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kazi, kwa hiyo kwenye ombi lako weka tarehe ya mahakama kuangalia upya.

Ukishateuliwa fungua akaunti tofauti au hakikisha hela yake haichanganyiki na yako hata siku moja. Kila kitu na risiti yake, piga picha, weka kwenye simu na kopi ya karatasi. Kuuza ardhi au nyumba, kuiweka rehani, kugawa zawadi kubwa, kwa kawaida unahitaji ruhusa nyingine ya mahakama hata kama we ndo msimamizi, na kujiuzia mwenyewe ndo usithubutu. Hela yake itumike kwake kwanza, sio kuwekwa tu ikikua kwa ajili ya warithi, kuna wasimamizi wanamlaza mtu kwenye godoro bovu huku akaunti imejaa.

Na kuna mambo ambayo hata msimamizi hagusi. Sheria ile ya Uingereza na Wales imeyataja wazi: huwezi kumkubalia mtu kuoa au kuolewa, huwezi kukubali tendo la ndoa kwa niaba yake, huwezi kumpigia kura. Hayo ni ya mwenyewe, au hayapo.

Kama hana ndugu, au ndugu ndo tatizo

Ulizia ofisi ya serikali inayosimamia mali za watu wasio na msimamizi, nchi nyingi zinayo, mara nyingi ni hiyo hiyo ya mirathi. Ulizia ustawi wa jamii. Ulizia msaada wa kisheria wa bure, chama cha mawakili, vyuo vya sheria vyenye kliniki, mashirika ya watu wenye ulemavu na ya afya ya akili. Uingereza na Wales mtu asiye na ndugu wala rafiki wa kumsemea anapewa mtetezi wa kujitegemea kabla ya maamuzi makubwa ya matibabu au ya kuhamishwa makazi, na kama kwenu hamna kitu hicho kwa jina bado unaweza kuiomba mahakama imteulie mtu wa kusimama kwa niaba yake kwenye kesi.

Ukiona mzee anasainishwa karatasi na mtu aliyejitokeza juzi, au hati ya nyumba haionekani, au haruhusiwi kuongea na wewe peke yake, andika tarehe, ijulishe benki na msajili wa ardhi kwa maandishi kwamba uwezo wa mwenye mali una mashaka, na wakili akuwekee zuio. Mkataba uliosainiwa na mtu asiye na uwezo unaweza kutenguliwa, hasa ikionekana upande wa pili ulijua hali yake, lakini ni rahisi mara kumi kuzuia hati isihamishwe kuliko kuirudisha.

Na akikamatwa na polisi, sema mapema na kwa maandishi kwamba ana tatizo la akili, omba asihojiwe bila wakili au mtu mzima anayemuamini kuwepo, na peleka karatasi za hospitali. Watu wenye ulemavu wa akili wanakubali makosa ambayo hawajafanya ili tu maswali yaishe waende nyumbani.

Akipona, au akirudi kuweza hata kwa sehemu, rudi mahakamani uombe mamlaka yako yapunguzwe au yafutwe, usisubiri aombe yeye. Na akifariki, hati ya uwakilishi na usimamizi wa mahakama kwa kawaida vinaisha siku hiyo hiyo. Kadi usiiguse tena hata kwa gharama za mazishi mpaka uwaulize benki utaratibu wao, hesabu zako zifunge mpaka tarehe ile, uzikabidhi mahakamani na kwa atakayesimamia mirathi.